Mkunga Mbele ya Kurugenzi ya Wingi

Umma unatangaziwa, kwa furaha isiyo na kifani na kwa gharama isiyo na haja ya kutajwa, kwamba Serikali imeunda Kurugenzi ya Wingi wa Majina Ambatani ya Kiingereza. Kuanzia leo hakuna ofisi, shule, zahanati wala kikundi chochote cha watu wazima wenye akili timamu kitakachoruhusiwa kuwa na vitu viwili au zaidi vya aina moja, iwapo jina la vitu hivyo kwa Kiingereza limeungwa kwa maneno mawili au zaidi, mpaka wingi wa jina hilo uidhinishwe na kupigwa muhuri. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Wananchi walikuwa watulivu. Hawakuwa wameelewa.

Chanzo cha yote kilikuwa kikohozi. Waziri alikwenda kusoma hotuba mbele ya wageni wa nje, na humo ndani, kwa sababu ambazo hazikuwahi kuelezwa, akataja habari za mama wakwe. Mama mkwe mmoja kwa Kiingereza ni mother-in-law. Mpaka hapo Waziri hakuwa na neno. Balaa lilianza walipozidi mmoja. Kiingereza kikitaka wingi hubandika s, lakini neno lenyewe ni kama treni ya mabehewa matatu: hiyo s ipande behewa lipi? Ukiipandisha la mbele, unapata akina mama wengi wenye sheria moja. Ukiipandisha la nyuma, unapata mama mmoja mwenye sheria nyingi, hali ambayo waliooa wanaifahamu. Waziri akaipandisha la nyuma. Mgeni mmoja wa mstari wa mbele akakohoa.

Labda alikuwa na mafua. Hakuna aliyemuuliza. Waziri alirudi nyumbani uso umemshuka, na kabla aibu haijapoa nchi ilikuwa na kurugenzi yenye ghorofa, magari na wimbo wake.

Juu ya ghorofa hiyo alikaa Mkurugenzi Mkuu, mtu mwingi wa kifua na mchache wa subira. Mitaani walimwita Kistari, maana hakuweza kuona maneno mawili yamekaa pamoja bila kuyachomekea kamstari katikati, kama askari anayeamulia ugomvi. Chini yake mji ukanyooka. Gari la pili la zimamoto lilifunikwa turubai, na moto ukatakiwa uzuke mmoja mmoja. Timu ya mpira ikamrudisha nyumbani golikipa wa akiba. Mpita njia naye, kwa kuwa kwa Kiingereza ni passer-by, faili lake lilikuwa bado mezani. Kwa hiyo mbele ya jengo la Kurugenzi aliwekwa askari wa kuhakikisha kwamba wakati wowote anapita mmoja tu.

Haya yote Mkunga aliyasikia redioni huku anaosha vyombo vyake vya kazi, akacheka peke yake. Alicheka mpaka siku aliyotambua kwamba na yeye yumo.

Zahanati yake ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu pembeni mwa mji. Ilikuwa na vitanda viwili vya kujifungulia, vilivyonunuliwa kabla ya tangazo, na mkunga mmoja. Mwenzake alikuwa amestaafu, akaenda kufuga kuku. Tangu hapo Mkunga alilala na viatu miguuni. Chai aliinywa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe, sikio liko chumba cha pili. Watoto, kama unavyowajua, hawakuwa na utaratibu wa kupanga foleni.

Hata hayo angeyamudu. Lililomshinda lilikuwa simu ya binti yake.

"Mama, utakuja kweli?"

"Nitakuja mwanangu."

"Ulisema hivyohivyo na mara ile."

Mara ile alikuwa ameshika kichwa cha mtoto wa watu, na simu inalia mfukoni mwa aproni, inakatika, inalia tena. Mtoto wa watu alipona. Mjukuu wake, kule mji wa mbali, hakufika. Binti yake alikuwa na mume tu chumbani, na mume mwenyewe alizimia kabla ya mgonjwa.

"Safari hii nakuja," alisema. "Hata kwa magoti."

"Basi usinifanye nikae nakungoja, mama. Kungoja kunaniumiza kuliko hili tumbo."

Kesho yake Mkunga alikwenda kwa bwana wa ajira wa wilaya, ambaye wote walimwita Bwana Utumishi, mtu mwema mwenye woga wa kudumu, kama kuku aliyewahi kufukuzwa jikoni akasahau kwa nini.

"Nafasi ipo mama," alisema Bwana Utumishi. "Mshahara upo. Mtu pia yupo. Yule binti anayeuza laini za simu pale kituoni, si amesomea na amefaulu? Kila Jumapili anapiga pasi sare yake."

"Basi mlete."

"Nikimleta mtakuwa wangapi?"

"Wawili."

"Wawili nini?"

"Wakunga, mwanangu. Wawili nini tena?"

Bwana Utumishi akaangalia mlango kama umefungwa. "Hapo ndipo penye miba. Barua ya ajira inaandikwa kwa Kiingereza, na cheo chenu ni nurse-midwife. Muuguzi, kistari, mkunga. Mmoja namwandika nikiwa nimefumba macho. Wakiwa wawili, hiyo s nimpe muuguzi au nimpe mkunga? Nikikosea, mimi ndiye nitakayehamishiwa stoo nikahesabu mifagio."

"Iweke popote. Mtoto akitoka haulizi s iko wapi."

"Mtoto hana bosi, mama yangu."

Mkunga akainuka, akajifunga kitambaa chake upya kichwani. "Huyo bosi anakaa wapi?"

Asubuhi aliyokwenda Kurugenzi alimwacha binti wa laini za simu pale zahanatini, akamtambulisha kwa wajawazito kwamba ni mgeni aliyekuja kusalimia, sare ni mapenzi yake tu. Kwa asubuhi moja mgeni wa namna hiyo anavumilika. Angemwacha kwa mwezi mzima, ingekuwa kesi, na wangefungwa wote wawili, kama sheria ingekubali kwamba ni wawili.

Mbele ya jengo askari alimnyooshea mkono.

"Simama hapo mama. Kuna mpita njia."

"Yuko wapi?"

"Si yule?"

Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa katikati ya njia, anatembea kwa raha zake, anasimama kutazama maua. Ng'ambo watu walikuwa wamejaa, wanamtukana kwa adabu.

"Lakini baba, mimi sipiti njia. Mimi naingia hapahapa."

Askari akafikiri. Kufikiri kulimchosha. "Kumbe wewe si mpita, ni mfika. Hilo mimi sijaletewa. Ingia."

Ndani, aliposema tu cheo chake, walimpokea kama bibi harusi. Walikuwa wamemtafuta muda mrefu mtu wa namna yake. Maana Kurugenzi ilikuwa na utaratibu wake wa kazi, nao ulikuwa makini kupita kiasi: hakuna jina lililoamuliwa bila kuhojiwa lenyewe. Mwenye jina aliletwa, akaketishwa kitini katikati ya ukumbi, akaulizwa maswali mpaka ijulikane sehemu ipi ya jina lake ndiyo inayobeba mzigo. Gari la zimamoto liliwahi kuhojiwa pale uani tangu asubuhi mpaka alasiri. Kumbukumbu za kikao zinasema lilikataa kushirikiana.

Mkunga akaketishwa. Kushoto kwake walikaa Wa Mbele, waliotaka s iende mbele siku zote, chini ya Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Kulia walikaa Wa Nyuma, chini ya Naibu wake, bwana mwembamba aliyekitamani kiti cha bosi kwa miaka mingi hata akazoea kukaa upande upande, jicho liko kule. Katikati walikaa Wa Pande Zote, waliotaka s mbele na nyuma ili wasipoteze rafiki.

"Mhojiwa," alianza Kistari, "asubuhi unapoamka, unaamka kama muuguzi au kama mkunga?"

"Naamka kama mtu mwenye usingizi."

Mwandishi wa kikao akauliza kama usingizi una kistari.

"Tuseme mama amekuja na uchungu," Naibu akadakia. "Mkono gani unamgusa kwanza? Wa kiuguzi au wa kikunga?"

"Ule nilionawa."

"Anakwepa!" wakasema Wa Nyuma.

"Anaelekea kwetu!" wakasema Wa Mbele.

"Anaelekea kote," wakasema wale wa katikati, wakapigiana makofi wenyewe.

Walimzungusha namna hiyo mpaka mgongo ukamuuma. Mwishowe Kistari akakunja mikono juu ya tumbo. Alisema suala ni zito, ushahidi unakinzana, na busara inaelekeza kwamba wajumbe wote wafanye safari ya mafunzo huko Kiingereza kinakotoka, wakaone kwa macho yao wauguzi wakunga wakiwa wengi mahali pamoja. Wakirudi, taarifa itaandikwa. Taarifa ikiandikwa, itasomwa.

"Mzee wangu," alisema Mkunga, na sauti yake ilishuka. "Nina binti mmoja tu. Mimba yake ya kwanza ilitoka mimi nikiwa kazini. Hii sasa iko mlangoni. Nikiondoka pale, wanawake wa watu wanabaki na kuta. Nisipoondoka, wangu anabaki na kuta. Nipeni mwenzangu. Herufi hiyo iwekeni hata kichwani kwangu."

Wajumbe wakafunua makabrasha, kama watu wanaotafuta ukurasa.

"Kurugenzi inatoa pole," alisema Kistari. "Binti aelezwe asubiri."

"Asubiri?"

"Au apunguze kasi."

Kikao kikaahirishwa kwa chai. Mkunga alitoka kwenye korido, akaegemea ukuta wenye picha za Mkurugenzi Mkuu akipokea vyeti kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu. Simu ikatetemeka.

"Mama," binti yake alisema, na pumzi ilikuwa fupi. "Mgongo umeanza. Si sana. Unakuja na kuondoka."

"Unakuja baada ya muda gani?"

"Bado mbali. Uko wapi, kwenye basi?"

Mkunga alikuwa amepokea watoto wengi maishani, na katika kazi hiyo mtu hujifunza jambo moja: mtoto akikwama, kusukuma kwa nguvu hakusaidii, unageuza. Alifuta macho kwa kiganja, akasema, "Niko njiani," akarudi ukumbini, akakaa kwenye kiti chake cha mhojiwa bila kuitwa.

"Nina swali moja niondoke zangu," alisema. "Hili si la kwangu. Nalionea haya tu, kwa heshima ya ofisi. Mzee, wewe cheo chako kwa Kiingereza ni nani?"

"Director General," alisema Kistari, na akakaa vizuri ili cheo kipate nafasi.

"Ni maneno mawili hayo."

"Mawili. Makubwa."

"Na wingi wake umepita?"

Kijiko cha mtu kikaanguka kwenye kisahani.

"Mimi sina mwenzangu," alisema Kistari.

"Nimeona, mzee. Ndiyo maana nauliza. Ukialikwa huko nje, ukakaa na wakubwa wenzako wa nchi nyingine, mwenyeji akisimama awakaribishe wote kwa pamoja, si itabidi awataje kwa wingi? Sasa wingi wa kila nchi umepita kwao. Wako bado uko kwenye foleni na gari la zimamoto. Itakuwaje akikaribisha wale, wewe akakuacha umesimama na sahani?"

Kistari akabadilika rangi. Maishani mwake hakuwahi kukifikiria kitu kama hicho, na hakuna kilichomuuma upesi namna ile. Akamtazama Naibu, akitarajia vita.

Naibu, ajabu ya maajabu, alikuwa anatabasamu. "Hoja ya Mama ina uzito," alisema taratibu. "Tena katika jina hili, mimi na Wa Nyuma wote tunaafiki kwamba s iende mbele. Directors General. Linasikika kama ngoma. Ipite leo, mkuu. Ipite sasa hivi."

"Ndugu yangu," alisema Kistari, na macho yakamlowa. Miaka yote hiyo hawakuwahi kukubaliana hata juu ya dirisha.

"Lakini mzee," Mkunga akasema, ameinuka nusu kama anayeaga, "jina lako likipita peke yake, si watasema umejipendelea? Watu wana midomo. Lingepata kasindikizo kadogo tu. Jina la watu wa chini chini."

"Kama lipi?"

"Lolote lililoko karibu. Hata langu."

Mkurugenzi Mkuu alikuwa katika hali ya kusamehe ulimwengu. Akasema katika hili dogo Wa Nyuma nao wafurahi, s iende nyuma, iwe nurse-midwives, mambo yaishe. Wa Pande Zote wakashangilia kwa kuwa siku hiyo s ilikuwa imekwenda mbele na nyuma pia. Muhuri ukapigwa mara mbili kwenye karatasi moja. Mkunga akaomba aipeleke mwenyewe Utumishi, ili kumpunguzia tarishi miguu. Alipotoka nje alipita katikati ya njia bila kumtazama askari, na askari, kwa mwendo aliokuwa nao mama yule, akaona amwandike kama upepo.

Bwana Utumishi aliisoma karatasi, akaisoma tena, kisha akachukua kalamu kwa furaha ya mtu ambaye kosa si lake tena.

"Binti wa laini anaanza leo," alisema. "Tena lazima."

"Lazima?"

"Mama, serikali haiwezi kutaja watu wengi halafu wakaguzi wakaja wakamkuta mmoja. Wataniuliza: hawa wengine wako wapi? Huo unaitwa wingi hewa, ndugu yake mfanyakazi hewa. Watu wamefungwa kwa hilo. Jina likishapita kwa wingi, nafasi lazima zijazwe." Kidole chake kikateremka hadi mstari wa pili, kikasimama. "Na hii nyingine pia."

"Nyingine ipi?"

"Directors General. Hawa nao lazima wawe wawili. Namba mbili kwa ngazi ni Naibu." Akaweka kalamu chini. "Kwani wao wenyewe hawakulijua hili?"

"Mmoja alilijua," alisema Mkunga, akachukua mkoba wake.

Alipanda basi la jioni ile ile. Alifika binti yake akiwa ameshika ukingo wa kitanda, mkwe ameshika ukuta. Mkunga alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akampeleka mkwe nje akatafute hewa, na akawa pale mpaka mwisho: alishika, alifuta, alikaripia, alibembeleza. Hakuna simu iliyolia. Mtoto wa kike alitoka na hasira zake zote, akapiga kelele majirani wakasikia, na binti yake akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akisema, "Umekuja. Mama, umekuja."

Kule Kurugenzi mambo nayo yalizaliwa. Naibu aliingia asubuhi na mapema, barua mkononi, amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka bega kwa bega na kile cha Kistari. Meza ikawa moja, gari moja, na salamu za "shikamoo mkuu" zikaitikiwa na watu wawili kwa pamoja, kila mmoja akijaribu kumaliza kwanza. Hati zilihitaji saini ya Mkurugenzi Mkuu. Akisaini mmoja, wa pili anaandika chini yake kwamba hajasaini. Wa Mbele wakaangalia upepo, wakahamia kwa Naibu. Wa Pande Zote wakamwambia kila mmoja kwamba yeye ndiye wa kwanza.

Hazina ikachoka mapema. Ikaandika kwamba itawalipa wote wawili kwa furaha, ila marupurupu, nyumba na dereva ni vya yule wa asili tu, na wa nyongeza atapangiwa kazi ya uwandani: kwenda kuhoji gari la zimamoto mpaka lijibu. Basi aletwe shahidi wa kuthibitisha nani alikuwepo kwanza. Kistari akawaita wajumbe wake mmoja mmoja. Ilikuwa ajabu jinsi watu wenye shahada walivyokuwa wepesi wa kusahau. Mmoja alisema anakumbuka kifua, lakini sura hapana. Mwingine alisema kwa kadiri anavyojua, siku zote walikuwa wawili, ila Naibu alikuwa mnyenyekevu.

Akabaki shahidi mmoja aliyetoka nje ya jengo.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye kitanda cha binti yake, mjukuu amelala kifuani, wakati simu ilipolia. Sauti ya upande wa pili haikuwa na kifua tena.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Mkurugenzi Mkuu."

"Yupi?"

Kwa mbali ilisikika pikipiki, na mtu akisema "sogea hapo mzee".

"Mama, wewe ulikuwepo siku ile. Ulikaa mbele yetu. Naomba useme ulichokiona tu, watu wa Hazina wataandika kama utakavyosema, nimekuwekea spika. Kabla ya hiyo karatasi kupita, mle ukumbini, Mkurugenzi Mkuu alikuwa mmoja au wawili?"

Binti yake aliyasikia yote. Akainua nyusi, akasubiri. Mkunga akamtazama mjukuu, akamrekebishia kofia iliyokuwa imemfunika jicho.

"Baba," alisema pole pole, ili mwandishi asipitwe na neno, "watu niliwaona wengi sana wamekaa. Mkurugenzi sikumwona hata mmoja."